Jinsi ya Kujifunza kwa Filamu za Wanafunzi Unapopanga Ufunguzi wa Filamu Yako

Fundi cherehani anayetaka kujua koti limeshonwaje haridhiki kulitazama likiwa mwilini mwa mtu. Huligeuza ndani nje, akaufuata uzi kwa kidole mpaka aone mwenzake alianzia wapi, alirudia wapi na alikosea wapi. Filamu ya kampuni kubwa ni vigumu kuigeuza namna hiyo, kwa sababu mamia ya watu wamelipwa ili mshono usionekane. Filamu ya mwanafunzi hugeuka kwa urahisi: mkato (pale picha moja inapoipisha nyingine) uliochelewa unaonekana, upepo uliopiga maiki unasikika, na mahali ambapo muda wa kurekodi uliwaishia unatambulika mara moja. Ndiyo maana huwashauri vijana wanaopanga filamu yao ya kwanza waanze kwa kutazama dakika mbili za mwanzo zilizotengenezwa na wanafunzi wenzao, na wazitazame kalamu ikiwa mkononi.

Kazi za aina hii zimejaa mtandaoni, na wingi wake una sababu. Nchini Uingereza, mtaala wa Media Studies (somo la vyombo vya habari) wa bodi ya mitihani ya OCR ulioanza kufundishwa mwaka 2008 uliwataka wanafunzi watengeneze majina (maandishi ya mwanzoni yanayotaja filamu na walioitengeneza) na ufunguzi wa filamu mpya ya kubuni, usiozidi dakika mbili, huku picha na sauti zote zikiwa zao wenyewe isipokuwa muziki au milio isiyo na vikwazo vya hakimiliki. Mtaala wa kimataifa wa Cambridge nao una zoezi linalofanana na hilo. Kabla ya kazi kuu, wanafunzi walipewa zoezi dogo la kujinoa: mtu anafungua mlango, anavuka chumba, anaketi mbele ya mwenzake, wanasemezana maneno mawili matatu. Zoezi hilo linaonekana la kitoto, lakini yeyote anayepanga filamu ningemwomba alifanye kabla ya jambo lolote lingine, kwa kuwa ndani yake mna nusu ya sarufi ya filamu. Mkono ulioshika kitasa katika shoti ya kwanza, yaani kipande cha kwanza kilichorekodiwa bila kukatwa, lazima uwe kwenye kitasa hichohicho katika shoti ya pili, na wasemaji wawili lazima waonekane wanatazamana, jambo ambalo halitawezekana ikiwa kamera itavuka mstari wa kufikirika unaounganisha nyuso zao. Ukiuvuka mstari huo, wote wawili watatazama upande mmoja wa skrini, na mtazamaji atahisi kana kwamba wanazungumza na mtu wa tatu asiyeonekana.

Namna ya kutazama

Chagua kazi tano au sita, zisizidi hapo, na uchanganye zilizokuvutia na zilizokuchosha. Itazame kila moja kwanza bila kuisimamisha, na ikiisha tu andika sentensi moja: unadhani nini kitatokea katika dakika ya tatu? Usijadiliane na mtu kabla ya kuandika. Sentensi hiyo ndiyo kipimo chako cha kwanza, kwani ufunguzi ulioshindwa kukupa matarajio yoyote umeshindwa hata kama picha zake zinang'aa.

Mara ya pili, zima sauti. Hapo utagundua ni mambo mangapi uliyodhani umeyaona, kumbe uliyasikia. Taharuki nyingi za filamu za wanafunzi huyeyuka muziki unapozimwa, na hapo kinachobaki ni kijana anayetembea kwenye ujia. Mara ya tatu, laza simu kifudifudi usikilize tu. Utasikia chumba kinachobadilika sauti kila mkato unapopita, kwa sababu shoti moja ilirekodiwa feni ikizunguka na nyingine feni ikiwa imezimwa. Kosa hilo ni la kawaida mno, na dawa yake haigharimu senti: kabla ya kuondoka mahali popote mlipopiga picha, wote wanyamaze kwa nusu dakika na ukimya wa mahali hapo urekodiwe, ili mhariri apate kitu cha kutandika chini ya mikato yake.

Mara ya nne ndiyo ya kazi. Chora jedwali lenye safu za namba ya shoti, sekunde zake, kinachoonekana, kinachosikika, jina lililoandikwa kwenye skrini kama lipo, na safu ya mwisho ambayo wengi huisahau: mtazamaji amejua nini kipya? Sekunde 120 zikigawanywa kwa shoti za wastani wa sekunde nne hutoa shoti 30, na zikigawanywa kwa sekunde mbili hutoa 60. Ukilinganisha jumla ya kazi mbili utaona mara moja kwa nini moja inakimbia na nyingine inatambaa. Lakini safu ya mwisho ndiyo inayofundisha zaidi. Shoti tatu mfululizo zenye safu hiyo tupu ni shoti ambazo mtengenezaji alizipenda kwa ajili yake mwenyewe.

Nitatoa mfano mmoja kwa ukaribu. Jioni moja, pamoja na kundi la wanafunzi ninaowasaidia, tuliichambua kazi iliyoanza na mikono pekee, isiyo na uso, ikipanga vitu ndani ya begi lililokuwa kitandani: shati, picha iliyokunjwa mara mbili, kamba, kisu cha jikoni. Sote tulisema kisu ndicho kilichotutia hofu. Tulipoitazama bila sauti, kisu hakikumtisha yeyote. Kilikuwa kisu cha kukatia vitunguu, na mkono ulikishika kwa wasiwasi wa mtu anayeogopa kujikata. Tuliposikiliza bila picha ndipo tulipong'amua. Zipu ya begi ilikuwa imerekodiwa peke yake, maiki ikiwa karibu kabisa na meno yake, na ilivutwa polepole kwa sekunde tano nzima, ikakwama kidogo katikati, kisha ikamalizia. Hofu yote ilikuwa kwenye kule kukwama. Mtengenezaji yule hakuwa na kamera nzuri wala taa, lakini alikuwa na zipu na usikivu, na katika jedwali letu shoti hiyo moja ilikuwa na maelezo mengi kuliko shoti kumi zilizofuata.

Ufunguzi ni kitu cha namna gani

Ukishajaza majedwali matatu utaona tatizo ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote, nalo si la vifaa. Wanafunzi wengi hutengeneza kitu kingine wakidhani wanatengeneza ufunguzi. Wapo wanaotengeneza trela: vipande vya haraka kutoka mwanzo, katikati na karibu na mwisho wa hadithi, adui ameshaonekana, mapenzi yameshaonekana, mlipuko umeshatokea. Wapo wanaotengeneza filamu fupi: mtu anafuatwa, anakamatwa, anauawa, giza, na hapo hadithi imekwisha, kwa hiyo dakika 90 zinazodaiwa kufuata hazina la kufanya. Ufunguzi hufanya kazi moja iliyo ngumu kuliko zote mbili. Unatambulisha mahali, hali ya hewa ya moyo na angalau mtu mmoja, kisha unaacha swali ambalo mtazamaji hawezi kulilaza.

Swali hilo linaweza kubebwa na picha moja tu. Filamu ya Kipolandi Dwaj ludzie z szafą, iliyotengenezwa mwaka 1958 katika shule ya filamu ya Łódź, ina urefu wa takriban dakika 15 na haina mazungumzo. Mwanzoni wanaume wawili wanatoka baharini wakiwa wamebeba kabati kubwa lenye kioo. Hakuna anayeeleza wametoka wapi, na filamu haihitaji maelezo hayo, kwa sababu kuanzia hapo tunawafuata ili tuone dunia itawapokeaje watu wawili wasiokubali kuutua mzigo wao. Linganisha na Killer of Sheep, filamu ambayo Charles Burnett aliitengeneza kama kazi yake ya shahada katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, akaikamilisha mwaka 1977. Hapo mwanzo kuna wimbo wa kubembeleza mtoto, kisha uso wa mvulana, karibu kabisa, akikaripiwa na baba yake kwa kutomtetea ndugu yake kwenye ugomvi. Kamera haina haraka ya kumwonyesha baba. Inabaki na yule anayepokea maneno. Wimbo na karipio vikikaa bega kwa bega, tayari tumeshaambiwa utoto una thamani gani katika mtaa huo na unakwisha mapema kiasi gani. Hakuna hata moja kati ya funguzi hizi mbili lililohitaji fedha ya kutisha, na zote mbili ni za wanafunzi.

Kwa hiyo, katika kurasa zako za maandalizi, andika swali la ufunguzi wako juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, kwa sentensi moja isiyo na kiunganishi. Ukiona unahitaji neno "na" ili kulikamilisha, huenda una maswali mawili, na moja lisubiri.

Yanayojirudia hadi yanachosha

Saa ya kengele inalia, mkono unaizima, mhusika anapiga mswaki, anajitazama kwenye kioo, anashuka ngazi. Sijui ni mara ngapi nimeona asubuhi hiyo. Mantiki yake naielewa, kwamba siku inaanza na hadithi ianze, lakini ukiijaza katika jedwali utakuta sekunde 40 zenye safu ya mwisho tupu, maana kila mtazamaji hupiga mswaki. Anza pale ambapo siku ya mhusika imeacha kufanana na ya jana.

Jingine ni umri. Kijana wa miaka 17 ndani ya koti la baba yake akiigiza mkuu wa upelelezi hachekeshi kwa sababu haigizi vizuri. Anachekesha kwa sababu hadithi imemwomba awe mtu asiyeweza kuwa. Andika wahusika wa umri wa waigizaji ulionao, au muombe mjomba au mwalimu mstaafu akupe saa mbili, na uzipange saa hizo mbili kwa heshima, bila kumweka mtu mzima akisubiri betri zichajiwe. Msitu wenye ukungu na mtu mwenye kofia iliyofunika uso huonekana sana katika kazi za Uingereza kwa sababu misitu iko karibu na shule zao na muhula wao wa kwanza huishia mwanzoni mwa majira ya baridi, ambapo mwezi Desemba jua la London huzama kabla ya saa kumi jioni. Ukungu ule ni mali yao. Kuutafuta Tanga au Machakos kwa ajili ya kuwaiga ni kupoteza siku. Tafuta kile ambacho mtaa wako unacho na wao hawana.

Kutoka jedwali lao hadi mpango wako

Wanafunzi walioichambua zipu waliamua hadithi yao iwe hii: binti anafika alfajiri kufungua duka la baba yake, anatoa funguo, anakuta kufuli limeshafunguliwa na limening'inizwa vizuri kwenye pete yake, kana kwamba aliyelifungua alikuwa na ufunguo. Swali likaandikwa juu ya ukurasa: nani mwingine ana ufunguo? Sikuwa na la kuongeza. Kufuli lilikuwa zipu yao, na hawakuwa wameiba chochote.

Kisha ikaja kazi ya kupanga. Orodha ya shoti iandikwe kwa mpangilio wa hadithi kwanza, halafu iandikwe upya kwa mpangilio wa kupiga picha, kwa kuwa mipangilio hiyo miwili haifanani kamwe. Katika ukanda wetu ulio karibu na ikweta alfajiri haina subira: tangu mwanga wa kwanza unaotosha kamera hadi jua kuchomoza ni kama dakika 20. Kundi letu lilipanga shoti 14 za alfajiri na likapata nne. Tulipokaa tena tukauliza ni shoti zipi hasa zinazohitaji mbingu ionekane, tukakuta ni tatu. Zilizobaki zilikuwa za mikono, funguo, kufuli na uso uliokaribiwa, ambazo zinaweza kupigwa kivulini saa yoyote ya asubuhi ikiwa nyuma kuna ukuta tu. Laiti tungeliuliza swali hilo kabla, binti yule asingeamka saa kumi usiku mara mbili.

Asubuhi ile ya kwanza ilitupa somo jingine. Adhana ilianza katikati ya shoti ya pili, na hakuna aliyeona tatizo mpaka tulipofika kwenye uhariri: katika shoti moja sauti ya mwadhini imepanda, katika inayofuata haipo, kisha inarudi ikiwa kwenye maneno ya mbele. Sauti yoyote ndefu yenye mwanzo na mwisho unaojulikana, iwe adhana, kengele ya kanisa, wimbo wa redio ya jirani au honi ya treni, haikubali kukatwakatwa. Subirini imalizike, na ikiwa mnaitaka ndani ya filamu, irekodini yote kwa mkupuo mmoja siku nyingine, mkiwa mmesimama palepale, kisha mwitandike chini ya picha. Ndivyo tulivyofanya mara ya pili, na adhana ikaupa mwanzo wetu saa na mahali bila kuandika neno lolote kwenye skrini.

Kuhusu kamera nitasema machache. Simu inatosha, mradi iwe juu ya stendi au tofali, ilale kwa upana, na kipimo chake cha mwanga kifungwe kisibadilike kabla ya kurekodi ili picha isiwe inang'aa na kufifia yenyewe mhusika anapopita mbele ya dirisha. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo chini ya taa za ndani rekodi kwa fremu (picha moja moja) 25 kwa sekunde, kama simu yako au programu yake inaruhusu, na kasi ya shata, yaani muda ambao kila fremu hupokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde. Ukiacha 30 na shata ijipangie yenyewe, baadhi ya taa zitapepesa ukutani kwa namna ambayo jicho halikuiona mlipokuwa mkirekodi. Jaribu kwa dakika moja siku ya kukagua mahali, wala si siku ya kazi.

Maandishi ya majina

Hapa ndipo kazi za wanafunzi zinapotofautiana zaidi, na ndipo unapoweza kuiba maarifa kwa uhalali wote. Kwa desturi majina ya mwanzoni huanza na kampuni, hufuata waigizaji wakuu na jina la filamu, kisha waigizaji wengine, na baada yao mafundi: muziki, mavazi, uhariri, upigaji picha, mtayarishaji, mwandishi, na mwongozaji akiwa wa mwisho. Kila jina linahitaji sekunde mbili au tatu ili lisomwe bila pupa. Majina kumi, kwa hiyo, yanakula kati ya sekunde 20 na 30 za dakika mbili ulizonazo, na lazima yawe kwenye orodha ya shoti tangu mwanzo, kwa sababu kila jina linadai nafasi tulivu ndani ya fremu. Utaona kazi nyingi ambamo jina limepachikwa juu ya paji la uso wa mwigizaji. Mtengenezaji aliyakumbuka majina siku ya uhariri. Sisi tuliupiga mlango wa duka ukiwa upande wa kulia na ukuta mtupu wa chokaa upande wa kushoto, makusudi, na majina manne yakakaa pale kana kwamba yalipakwa rangi. Herufi zinazodondosha damu ziacheni. Herufi za kawaida, za ukubwa wa kiasi, zikitokea mahali palepale kila mara, humwacha mtazamaji aendelee kutazama hadithi.

Kuhusu haki za muziki, usikisie. Ile filamu ya Burnett ilitengenezwa kwa chini ya dola 10,000, lakini nyimbo zilizomo hazikuwa zimelipiwa haki, na kwa sababu hiyo haikuweza kuingia kwenye majumba ya sinema kibiashara hadi mwaka 2007, miaka 30 baada ya kukamilika, haki hizo zilipogharamiwa kwa dola zipatazo 150,000. Wewe huenda hupangi kuuza tikiti, ila tamasha lolote litakuuliza, na mitandao ya video huweza kuinyamazisha kazi yako bila kukuuliza. Tafuta mtu wa mtaani kwenu anayepiga kinanda au gambusi, mwandikiane karatasi ya ruhusa, na jina lake liwe miongoni mwa yale kumi.

Kabla ya kupiga picha yoyote, chora kila shoti kwenye kipande cha karatasi, hata kama watu wako ni vijiti, ipige kwa simu, na uzipange picha hizo ndani ya programu ya kuhariri kila moja kwa sekunde ulizoipangia. Weka chini yake sauti ulizo nazo: mlio wa kufuli halisi, hatua za miguu, nusu dakika ya ukimya wa mahali. Itazame ikiwa imetimia dakika mbili. Huu ni uhariri wa bure, unaofanywa kabla hujamwamsha mtu yeyote, na kwetu sisi ndio uliotuonyesha kwamba binti alikuwa anatembea kwa sekunde 31 kabla ya kulifikia kufuli. Tulizipunguza hadi 12.

Kisha mwite mtu asiyeijua hadithi, ikiwezekana asiye rafiki yako wa karibu, umwonyeshe michoro hiyo mara moja bila maelezo, na umwombe aandike sentensi moja kuhusu dakika ya tatu, kama ulivyofanya wewe kwa kazi za wengine. Usimsaidie wala usimsahihishe. Sisi tulimwita mama muuza maandazi wa jirani na duka lile, ambaye hakutaka kuandika, akasema tu: "Huyo kaka mtu. Ufunguo wa pili siku zote anao kaka mtu." Binti wa hadithi yetu hakuwa na kaka. Tulirudi mezani siku hiyohiyo, tukampa.